Vipuri vya Pikipiki Bonde la Ufa: Ghushi ni Ipi, na Kazi ya Fundi ni Ipi?

Neno "feki" siku hizi limekuwa jepesi mno ndimini mwa watu wa Nakuru. Kila kitu kikiharibika mapema ni feki: kiatu, redio, hata dawa ya mbu. Lakini hapana mahali litumikapo kwa wingi na kwa ovyo kama kwenye maduka ya vipuri vya pikipiki. Pedi ya breki iliyoundwa ng'ambo ikabandikwa jina la Kijapani lisilo lake, huitwa feki. Springi ya kampuni nyingine, yenye jina lake yenyewe, iliyoundwa ili itumike badala ya ile ya kiwandani, nayo huitwa feki. Na keria iliyochomelewa na fundi wa jua kali kwa mabomba ya chuma, mbele ya macho ya mwenye pikipiki, hiyo nayo ni feki! Mambo matatu yasiyofanana yametiwa katika kapu moja. Nami nathubutu kusema kwamba kapu hilo lina hatari kuliko vingi vilivyomo ndani yake, kwani mtu akisha kuaminishwa kuwa kila kisichotoka kwa mwenye jina ni feki, naye hana fedha za kununua kwa mwenye jina, basi kwake vyote vimekuwa sawa. Hununua cha bei ya chini, akafunga, akaondoka.

Huenda ndugu msomaji uliyeko Mombasa, Malindi au Lamu ukauliza mambo haya ya bara yakuhusu nini. Yakuhusu kwa mawili. Kwanza, sehemu kubwa ya vipuri hivi, vizuri na vibaya, hushukia hapo hapo Kilindini kabla ya kupanda bara. Pili, vijana wetu wanaotafuta riziki kwa pikipiki huko Kilifi, Kwale na kwingineko hununua bidhaa hizo hizo, na huambiwa maneno hayo hayo na muuza duka.

Ili kufahamu kwa nini pikipiki ya Nakuru haikai kama ilivyotoka kiwandani, yapasa kwanza kuifahamu nchi yenyewe. Nakuru, mji uliopewa hadhi ya jiji mwezi wa Desemba mwaka 2021, umekaa kiasi cha mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima Menengai. Wengi husema jina lake latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na mtaa mmoja wa zamani wa mji huo waitwa Kivumbini. Aliyeupa jina hilo hakuwa na haja ya kutunga. Udongo wake ni wa majivu ya volkano, laini kama unga. Kiangazi kikishika, lori moja likipita katika njia za Bahati au Solai huacha wingu lisilotua upesi; na mvua zikinyesha, udongo ule ule hugeuka tope la kuteleza. Ukitoka mjini kuelekea magharibi, nchi yapanda tu: Njoro, Molo, Mau Summit, hata Timboroa, ambako njia ya reli hufikia futi 9,136. Ukishuka kaskazini ukapita Mogotio, inapopita ikweta, wafika Marigat kwenye joto na mawe. Yote hayo ni mwendo wa siku moja kwa mtu mmoja na pikipiki moja.

Sasa chukua pikipiki ambayo kabureta yake imerekebishwa Mombasa, uipandishe huko. Nakuru uzito wa hewa umepungua karibu sehemu moja kwa tano kuliko wa pwani. Timboroa umepungua zaidi ya robo. Kabureta haina akili ya kuyajua hayo. Yaendelea kumimina petroli kama ilivyozoea, ilhali hewa ya kuichoma petroli hiyo haitoshi. Plagi hujaa masizi meusi, moshi hutoka, nguvu hupungua, na mafuta huisha kabla ya safari. Nimewasikia vijana waliokuja na pikipiki kutoka Mtwapa wakiilaumu petroli ya Nakuru kuwa ni feki, kumbe petroli haina kosa. Dawa yake ni kijipande cha shaba chenye tundu, ambacho mafundi hukiita jeti. Hutolewa cha tundu kubwa kikatiwa cha tundu dogo. Pikipiki mpya ambazo mafuta yake hupimwa kwa vyombo vya umeme aghalabu hujirekebisha zenyewe, lakini nyingi katika zile za kazi zingali na kabureta.

Zamani kazi hii ya lami na mashamba ilikuwa na pikipiki zake. Mwaka 1968 kampuni ya Yamaha ilitoa DT-1, pikipiki nyepesi iliyokusudiwa iende barabara kuu na iende porini bila kubadilishwa kitu, na Honda ikafuata na jamii ya XL katika miaka ya 1970. Ndugu zao wadogo, wa injini za 125 na 175, walifika Kenya wakawa pikipiki za serikali na mashirika. Bwana shamba alikuwa nayo, bwana mifugo alikuwa nayo. Bonde la Ufa liliwajua hao mapema, kwani Njoro ndiko kwenye Egerton, iliyoanza mwaka 1939 kama shule ya ukulima, na mabwana shamba wengi walisomea hapo. Ukiiona moja leo utaitambua kwa mbali: usukani mpana, springi ndefu, tairi zenye meno, bomba la moshi lililopandishwa juu lisiguse maji ya mto.

Pikipiki hizo leo ni chache, na vipuri vya zile kongwe havipatikani ila kwa kukerezwa. Zilizojaa ni za kutoka India na China, zilizoundwa kwa ajili ya barabara za mjini. Kodi ya ongezeko la thamani ilipoondolewa kwa pikipiki ndogo kuelekea mwaka 2008, mlango ulifunguka: mwaka 2007 zilizosajiliwa nchini hazikufika 20,000, na mwaka 2010 zilipita 100,000. Bodaboda, kazi iliyoanza kwa baiskeli mpakani Busia, ikawa ya injini. Lakini njia za mashambani hazikugeuka kuwa lami kwa sababu pikipiki zimekuja. Pikipiki ya mjini ikatakiwa ibebe madebe ya maziwa ya Subukia, magunia ya viazi ya Mau Narok, mgonjwa wa usiku, na mwanafunzi wa asubuhi. Kwa hivyo ile pikipiki ya njia mbili aliyoitoa Mjapani mwaka 1968, leo yaundwa upya Nakuru, kipande kwa kipande, na watu wasiokuwa na karatasi ya mchoro. Hilo ndilo jambo ambalo kelele za "feki" zimelifunika.

Nimekaa katika karakana za namna hiyo mara nyingi, nikitazama mikono zaidi ya kuuliza maswali. Pikipiki huletwa moja kwa moja kutoka dukani, kiti kingali na nailoni. Fundi huuliza matatu: wabeba nini, wakaa wapi, njia yako ina mlima? Majibu hayo ndiyo mchoro wake.

Mwenye kupanda Mau hubadilishiwa sproketi, yaani yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni. Ikiwa ya mbele ina meno 15, hutiwa ya 14. Au ya nyuma huongezwa meno matatu hivi, jambo ambalo ni karibu sawa na kupunguza jino moja mbele. Kwa hesabu, nguvu ya kuvuta huongezeka kama sehemu saba katika mia, na mbio za mwisho hupungua kwa kiasi hicho hicho. Mwenye kubeba maziwa hutiwa springi ngumu na keria pana. Mwenye kwenda kwenye mawe ya Baringo huchomelewa vyuma vya kukinga injini ubavuni, na bati nene chini yake. Kichujio cha hewa cha karatasi, ambacho huzibwa upesi na lile vumbi la majivu, hutolewa kikatiwa sifongo iliyochovywa mafuta mazito na kukamuliwa. Wasidhani wenye kucheka kwamba huo ni ushamba; makampuni ya Ulaya na Marekani yanauza vichujio vya sifongo ya mafuta kwa waendesha pikipiki wa jangwani, tena kwa bei ya kutisha. Tofauti iko kwenye sifongo yenyewe. Ya kichujio ina matundu yaliyopimwa. Ya godoro matundu yake hayako sawa, vumbi jembamba hupenya, na ikizeeka humomonyoka vipande vikaingia kabureta. Fundi mzuri aijua tofauti hiyo, na fundi mbaya akata godoro.

Wala sitaki nionekane kuwasifu mafundi kupita kiasi. Mshika mawili moja humponyoka, na pikipiki ya njia mbili ni mshika mawili tangu kuzaliwa kwake. Keria ikirefushwa ikapita ekseli ya nyuma, uzito wote huangukia huko, na mlimani gurudumu la mbele huwa jepesi hata usukani usitii. Tairi la meno makubwa hushika tope la Elburgon barabara, lakini kwenye lami iliyolowa huigusa njia kwa vilele vya meno tu. Na lami hiyo si ya kuchezea: ni barabara kuu ya kutoka Rironi hadi Mau Summit, ambayo kazi ya kuipanua ilizinduliwa mwishoni mwa mwaka 2025, na ambayo malori yaendayo Uganda na Kongo hayampi nafasi ya pili mwenye kuteleza. Kuna na wale vijana watoboao bomba la moshi ili pikipiki ingurume kama simba. Hao hawakuongeza nguvu yoyote. Aghalabu hupoteza nguvu ya mwendo wa chini, ambayo ndiyo ya kupandia mlima, na huwaamsha wagonjwa na watoto. Taa kali nyeupe za kufungwa mbele ni hivyo hivyo: mwenye nazo aona vizuri, anayekutana naye haoni kitu.

Kuna sehemu moja ya mapambo niipendayo, nayo ni ile raba ya kuzuia matope nyuma, iliyoandikwa maneno. Mtu wa pwani akiisoma atajua papo hapo ameingia duka gani: ni jina la kanga lililohamia kwenye gurudumu. Mafumbo, vijembe, shukrani kwa mama, onyo kwa jirani.

Narudi kwenye kapu letu. Sisi watu wa bahari twapaswa kulifahamu jambo hili kuliko wengine. Fundi wa Matondoni huunda dau bila mchoro, kwa jicho na kamba, naye ajua kina cha maji litakapopita. Vyombo vilivyoundwa kwa tanga vimetiwa mashine za kuzalia Japani, makalio yakakatwa na kuimarishwa ili yabebe mtetemo ambao mababu hawakuujua. Hakuna aliyeliita dau hilo feki. Tulisema limetiwa mashine. Kwa nini basi kijana wa Nakuru anayechomelea chuma cha kukinga injini aitwe mghushi?

Kughushi kwajulikana maana yake. Wanavyuoni wetu wamelieleza zamani katika milango ya biashara: ni kuficha aibu ya bidhaa kwa mnunuzi, na mnunuzi aliyefichwa ana khiari ya kurudisha. Bidhaa duni iliyouzwa kwa uduni wake, kwa bei yake, mbele ya macho, si ghushi. Kwa kipimo hicho, keria ya jua kali haikumdanganya mtu. Haina jina la mtu mwingine, na kiungo chake kibaya chaonekana kwa macho. Springi ya kampuni isiyo na sifa lakini yenye jina lake pia haikudanganya. Yaweza kuwa nzuri, yaweza kuwa mbaya, na mnunuzi ajua anunuacho. Iliyodanganya ni ile pedi ya breki ndani ya sanduku lenye jina la watu.

Moja kama hiyo niliuziwa katika duka ambalo sitalitaja. Sanduku lilikuwa zuri, lina muhuri wa kung'aa, na bei yake haikuwa ya chini hata nikashuku. Siku ya kumi na mbili, katika kushuka mteremko wa Molo, breki ilianza kulia chuma kwa chuma. Fundi alipofungua, ule unga mgumu unaobana ulikuwa umebanduka kwenye chuma chake kama plasta ya ukuta mbichi. Gundi iliyoushika haikustahimili joto. Niliporudi dukani nikaambiwa kwamba spea za umeme na breki zikishafunguliwa hazirudishwi. Ukitazama, hiyo ndiyo khiari iliyonyang'anywa kwa karatasi iliyobandikwa ukutani.

Kutoka hapo nimejiwekea kipimo ambacho naona chafaa kuliko jina: kitu hiki kikivunjika, kutatokea nini? Keria ikikatika, viazi vitamwagika. Kioo kikianguka, utanunua kingine. Lakini breki, tairi, cheni, ekseli na helmeti, hivyo vikishindwa mtu huenda na maji. Helmeti hasa. Sheria ya mwaka 2012 ilimlazimu mwendeshaji na abiria wake wavae, na tangu hapo sokoni pamejaa makofia ya plastiki ambayo ndani yake hamna povu gumu la kupokea kishindo, bali kitambaa na sifongo ya mto. Hizo huzuia askari, hazizuii lami.

Serikali haikulala kabisa. Ipo Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008, na ipo mamlaka ya kuisimamia; lipo pia shirika la viwango, KEBS, lenye kupima ubora. Lakini sheria ile ya 2008 imejengwa juu ya haki ya mwenye jina. Yauliza: je, alama hii ni ya nani? Haiulizi: je, breki hii yashika? Na hatari ya kuchanganya mambo hayo mawili si dhana yangu. Watu watatu wanaoishi na virusi vya Ukimwi waliipeleka sheria hiyo mahakamani, wakihofia kwamba maana iliyopewa neno "bandia" ni pana hata yaweza kuzikamata dawa halali za bei nafuu, zisizo na jina kubwa ila zenye kuponya sawasawa. Mwezi wa Aprili mwaka 2012 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliwapa haki: dawa mbadala si dawa bandia, na kuzichanganya kwahatarisha haki ya uhai. Mimi sioni kwa nini hoja hiyo isimfikie mwendesha pikipiki. Kipuri mbadala si kipuri bandia.

Kuna na dharau nyingine ambayo yaniudhi zaidi kwa kuwa ni ya utamaduni na si ya sheria. Kila mwaka mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 na kurejea katika orodha ya mashindano ya dunia mwaka 2021, huvuta maelfu ya watu Naivasha. Magari yale hukingwa kwa vyuma, hutiwa mabomba ya kuvuta hewa juu ya paa yasinywe maji na vumbi la ziwani, springi zikaimarishwa, na sisi twashangilia ufundi. Twamkumbuka kwa fahari Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976, ambaye alikuwa fundi kabla hajawa bingwa. Mwendo wa saa moja tu kutoka Naivasha, kijana wa Nakuru afanya yale yale kwa pikipiki ya kubebea maziwa, kwa vumbi lile lile, naye huitwa mharibifu wa mali ya kiwanda.

Tangu ripoti ya Shirika la Kazi la Kimataifa ya mwaka 1972 na waraka wa serikali wa mwaka 1992 kuhusu jua kali, mafundi hawa wamesifiwa katika karatasi kwa miaka zaidi ya hamsini. Wanachokosa si sifa. Wanakosa mahali pa kupimia: mashine ya kuvuta kiungo mpaka kikatike, ili ijulikane chabeba kilo ngapi, na kipimo cha bei ambayo fundi mdogo aimudu. Nao kwa upande wao wana la kufanya, nalo ni kutia alama. Milango ya zamani ya Lamu na Unguja, mingine imechongwa mwaka wa Hijria juu yake, hata leo twajua umri wake. Fundi wa Nakuru achomelea vyuma mia kwa mwaka bila kupiga hata herufi mbili za jina lake kwa patasi. Kiungo kikikatika hajulikani aliyekitia, na kikidumu miaka kumi vile vile hajulikani. Nilipomweleza fundi mmoja jambo hili alicheka, akasema askari watapata pa kuanzia. Mwenzake aliyekuwa ananoa tindo hakucheka.

Na sasa zimeingia pikipiki za umeme, baadhi zikiunganishwa Nairobi. Hizo hazina jeti wala plagi, na hewa nyepesi ya Timboroa haizipunguzii nguvu. Katika mipango mingine betri si mali ya mwendeshaji. Yabaki ya kampuni, naye huibadilisha kituoni ikiisha. Mota yake imefungwa, na fundi wa kando ya njia haruhusiwi kuigusa. Wengine wamekwisha kutabiri mwisho wa karakana. Ya kwanza niliyoiona ikiletwa kwa fundi pale Nakuru haikuwa na hitilafu yoyote. Mwenyewe alikuwa mbeba maziwa, naye alitaka vitu viwili: keria pana ya madebe manne, na chuma cha kukinga lile sanduku la betri lisipigwe na mawe ya njia ya Solai. Fundi aliizunguka mara mbili, akauliza yale maswali yake matatu, kisha akatoa futi akaanza kupima.